Paella ya Valencia: nilikokula vizuri na namna ya kuutambua mgahawa wa kweli

Ukitaka paella nzuri ukiwa Hispania, nenda Valencia, na ukifika Valencia toka katikati ya mji. Wali huu nimeula Barcelona, nimeula Madrid, nimeula ufukweni Malvarrosa na kijijini kando ya ziwa la Albufera. Kati ya ulio mzuri na ulio mbaya kuna umbali mkubwa sana, na mtu aliyeonja ule mbaya peke yake atarudi kwao akiamini Wahispania hawajui kupika wali. Wanajua, tena sana. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaoupenda wali kwa dhati na mnaopanga safari ya huko.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Paella ya asili ya Valencia haina samaki wala kamba. Ni chakula cha wakulima: kuku, sungura, maharage mapana ya kijani, maharage makubwa meupe yaitwayo garrofó, nyanya, mafuta ya zeituni, paprika, zafarani, chumvi, maji na mchele. Wapo wanaoongeza konokono au bata, na wapo wanaotupia kijitawi cha rozmari mwishoni. Kitunguu hawakitii, kwa kuwa kinaulegeza wali. Soseji ya chorizo ndiyo usiitaje kabisa: mwaka 2016 mpishi Mwingereza Jamie Oliver aliitia kwenye paella yake, na Wahispania wakamshukia mitandaoni kwa siku kadhaa. Hasira ile naielewa vizuri. Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Valencia iliitangaza paella kuwa urithi wa utamaduni unaolindwa kisheria, kwa hiyo ujue unapoagiza unagusa kitu ambacho watu wamekibeba moyoni.

Ile ya kamba, kome na ngisi nayo ipo, ni halali yao na ni tamu, ila hiyo ni paella ya baharini, inayopikwa kwa supu ya samaki. Ya tatu, inayochanganya kuku na kamba, ndiyo utakayobandikiwa picha yake kila kona wanakopita watalii. Mimi hiyo siiagizi.

Jambo la kuangalia kabla ya yote ni muda. Mchele wenyewe unakaa motoni dakika kama 18 hadi 20, na kabla ya hapo nyama imeshakaangwa polepole mpaka ikashika rangi, mboga zikafuata, nyanya na paprika zikafuata, kisha maji yakachemka hadi yakawa supu yenye nguvu. Mchele ukishaingia haukorogwi tena. Kwa hiyo mgahawa unaokuletea paella dakika 10 baada ya kuketi umekupashia kitu kilichopikwa zamani, pengine kilichotoka kwenye friza. Nilifanyiwa hivyo kwenye mgahawa mmoja wa uwanjani karibu na kanisa kuu la Valencia. Picha kubwa mlangoni, mhudumu akiwaita wapita njia kwa lugha nne, na wali uliofika ulikuwa umevimba, hauna harufu ya chochote, chini laini kama juu. Bei ilikuwa sawa na ya mahali pazuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

(Pale pale kanisani lakini, ukipita Alhamisi saa sita mchana, simama uangalie Baraza la Maji. Wakulima waliochaguliwa na wenzao huketi mlangoni na kuamua kesi za mifereji ya kumwagilia mashamba, kwa mdomo tu, bila karatasi. UNESCO iliwatambua mwaka 2009. Mboga za paella zinatoka kwenye mashamba ya mifereji hiyo, na kuwaona ni bure.)

Mgahawa wa kweli utakuuliza mapema. Utapiga simu kuweka nafasi, nao watataka kujua mko wangapi na mtakula wali gani, kwa sababu karai linapangwa kwa idadi ya walaji. Wengi hawapiki kwa mtu mmoja; chini ya wawili hawawashi moto. Anayesafiri peke yake hili linamkwaza, na sijaona njia nzuri zaidi ya kuungana na mtu mwingine mezani, au kutafuta mgahawa wenye chakula cha mchana cha bei moja ambako paella moja kubwa inapikwa na kugawiwa inapotoka motoni. Hiyo ukiiwahi saa nane kamili inakuwa nzuri. Ukifika saa tisa na nusu unakuta mabaki.

Na paella ni ya mchana. Wenyeji hula saa nane, saa tisa, hasa Jumapili na familia nzima. Usiku ni chakula kizito, hawakili. Mgahawa unaoitangaza paella usiku kucha umeshakuambia wateja wake ni akina nani.

Rangi nayo watu wanaiangalia sana, mimi siiamini kivile. Utasikia kwamba njano kali ni dalili ya rangi ya dukani na kwamba zafarani haing'ai hivyo. Ni kweli zafarani peke yake inatoa dhahabu iliyopoa. Lakini nyumba nyingi za Valencia zenyewe hutia rangi kidogo, na nimekula wali wa njano ya kutosha uliokuwa mtamu mno. Angalia unene badala yake. Wali uwe umetandazwa mwembamba kwenye karai pana, kimo cha kidole kimoja kilicholala au pungufu. Ukiona umerundikwa kama kichuguu, inuka.

Sasa nije mahali nilipokula vizuri kuliko pote: kijiji cha El Palmar, ndani ya hifadhi ya Albufera, kusini mwa mji. Albufera ni ziwa la maji baridi lililotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga na misonobari, na limezungukwa na mashamba ya mpunga pande zote. Waarabu walioitawala sehemu hii kwa karne nyingi ndio waliousimika mpunga hapa. Eneo likatangazwa hifadhi mwaka 1986. Mashamba hujazwa maji wakati wa kupanda, yanakuwa kijani kiangazi chote, na mavuno ni Septemba. Sisi tulifika mpunga ukiwa bado haujavunwa, basi la mji likatushusha kijijini, na kuanzia kituoni harufu ya kuni ilikuwa hewani.

El Palmar zamani kilikuwa kisiwa cha wavuvi. Leo ni barabara chache na migahawa mingi mno kwa kijiji cha ukubwa ule, na si yote mizuri. Tuliuchagua mmoja kwa kuangalia mambo mawili: kuni za mchungwa zilizopangwa uani, na meza zilizojaa familia za Kihispania zenye bibi na wajukuu. Kuni za mchungwa si pambo. Zinatoa mwali mkali mwanzoni wa kuchemshia supu, kisha zinatulia wakati mchele unakauka, na moshi wake unaingia kwenye wali. Niliomba ruhusa nikaenda kuona. Mpishi alikuwa na makarai kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na moto wake, akivuta ukuni huku na kusukuma mwingine kule.

Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu, na rafiki zetu wawili wa Unguja wanaoishi Uingereza. Wao ni Waislamu, nyama ya pale haijachinjwa kihalali, kwa hiyo tuliagiza makarai mawili, la sungura na kuku kwa sisi wawili, na la baharini kwa wao. Tulikuwa tumeshauliza kwenye simu kama supu ya samaki inachanganywa na mifupa ya kuku au divai. Wakatujibu hapana, ni samaki tupu. Uliza hivyo hivyo, usione haya, wanajibu kwa heshima. Ila mjihadhari na wali mwingine mtakaoukuta kwenye menyu: arroz al horno, unaookwa kwenye tanuri, una nyama ya nguruwe na soseji ya damu, na arròs amb fesols i naps, wa maharage na mizizi, nao hupikwa na nguruwe. Majina hayasemi.

Tukasubiri. Kwa kuanzia tukapewa all i pebre, mchuzi wa samaki aitwaye mkunga, mrefu kama nyoka, kwa kitunguu saumu na paprika, chakula cha hao hao wavuvi wa ziwa. Ni mzito, mwekundu, wa kuchovya mkate. Mkunga wa leo si lazima awe ametoka ziwani, wengi wanafugwa, lakini mapishi ni ya hapa na ningeyarudia.

Karai la kwanza likawekwa katikati ya meza. Mhudumu akatuacha dakika chache ili wali upumue, kisha akauliza kama tunataka sahani. Tukasema la. Wenyeji wa kale hula humo humo karaini kwa kijiko cha mti, kila mtu na upande wake, na ni adabu kutovuka mpaka wa mwenzako, kama tunavyokula pilau ya sinia kwenye shughuli zetu. Mdogo wangu alianzia ukingoni akaenda ndani bila kufundishwa.

Wali ulikuwa punje moja moja, mkavu juu, ndani umeshiba supu. Nyama ilikuwa ya kawaida, sungura ana mifupa mingi midogo, na hilo si kosa. Paella hupimwa kwa wali. Ladha yote iwe imehamia kwenye punje, na vilivyo juu vibaki vimechoka, vimeshatoa vilichokuwa nacho. Rafiki yangu aliyekuwa na karai la baharini alionja kijiko cha pili akasema, "Dada, hapa kamba sina haja naye. Nipe wali tu." Hapo ndipo nilipojua tumepata.

Na ukoko. Ndugu zangu, ukoko wao unaitwa socarrat, nao wanaugombania kama sisi. Mwembamba, wa kahawia, umeshika chini bila kuungua, na unakwanguliwa kwa kijiko. Mgahawa uliokuletea karai lisilo na ukoko hata pembeni haukusimamia moto. Waambie mapema kwamba mnaupenda, wengine huuzuia wakidhani mgeni ataona chakula kimeungua.

Mchele waliotumia ulikuwa wa aina ya senia. Menyu nyingi za mjini zinajisifia mchele wa aina ya bomba, ambao ni ghali na una faida yake: unanyonya maji mengi, haupasuki upesi, na unamvumilia mpishi aliyechelewa. Senia hausamehe, dakika mbili za ziada na umekuwa bokoboko, lakini ukipikwa na anayejua unabeba ladha kuliko bomba. Kwangu mgahawa unaothubutu senia una mpishi anayejiamini.

Asiyeweza kwenda El Palmar aende ufukweni Malvarrosa. Hapo ipo Casa Carmela, iliyofunguliwa mwaka 1922, nayo inapikia kuni za mchungwa hadi leo. Bei yake iko juu na nafasi inatakiwa kuwekwa mapema sana, lakini kwa mtu mwenye siku moja tu mjini ndiko ningempeleka. La Pepica, ya mwaka 1898, inajulikana kwa sababu mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alikula pale. Ukumbi wake unaoelekea baharini unapendeza, na wanaofuata historia watafurahi.

Nje ya Valencia mambo ni magumu zaidi. Madrid, paella kwenye chakula cha mchana cha bei moja ni desturi ya Alhamisi, basi ipange siku hiyo, wakati jikoni wanapika karai kubwa na linaisha. Barcelona, zile barabara kuu za watalii ziache kabisa. Mkielekea Alicante, badilisheni agizo: kuleni arroz a banda, wali uliopikwa kwa supu ya samaki na kuletwa karibu mtupu, pamoja na alioli, sosi nzito ya kitunguu saumu. Ndani zaidi, milimani Pinoso, wanapika wali wa sungura na konokono juu ya moto wa matawi ya mizabibu, na unakuwa mwembamba hata kuliko wa Valencia.

Kwa gharama, El Palmar tulilipa kati ya euro 15 na 25 kwa kila mtu kwa wali peke yake, kutegemea karai. Mkunga, vinywaji na mkate ni juu yake, na mkate wanaweza kuutoza hata kama hukuuagiza, kwa hiyo urudishe mapema usipoutaka. Wekeni nafasi siku mbili tatu kabla, wiki nzima kabla kama ni Jumapili. Ombeni meza ya saa nane. Baada ya kula, mashua za ziwani ziko hatua chache kutoka migahawani, lakini ulizeni kwanza saa ya basi la mwisho la kurudi mjini.