Kibanio cha mkate cha zamani: miaka miwili juu ya seredani

Nilikikuta soko la Kongowea, hapa Mombasa, siku niliyokwenda kutafuta sufuria. Upande wa vyombo vya mtumba, juu ya turubai lililotandikwa chini, katikati ya pasi mbovu na vikaango visivyo na mipini, kilikuwa kimelala kitu kama koleo kubwa: visahani viwili vya chuma vilivyofumbana kama chaza, kila kimoja na mkia mrefu uliochomekwa mpini wa mti. Kimejaa kutu mwili mzima. "Mama, chukua kwa mia nne," akaniambia yule kijana, "mimi hata sijui chafanya nini." Mimi nilikijua kabla sijainama kukishika. Nilipokuwa mdogo, nyumba yetu Kibokoni ilikuwa na jirani Mhindi orofa ya chini, na jioni harufu ya mkate unaoungua kwa siagi ilikuwa ikipanda ngazi hadi kwetu. Chake kilikuwa cha pembe nne, cha aluminiamu, naye alikuwa akikigeuza juu ya moto bila kukitazama, huku azungumza na mama yangu. Basi nikatoa mia tatu na hamsini, nikasahau sufuria.

Kwa ambaye hajawahi kukitumia: ni kifaa cha kuchomea mkate uliotiwa kitu ndani, moja kwa moja juu ya moto, bila stima. Slesi moja unailaza kwenye kisahani cha chini, unatia unachotaka, unafunika kwa slesi ya pili, kisha unafumba na kuvuta kipete cha waya kwenye ncha za mipini ili visahani visiachane. Ukingo wa chuma unazibana slesi mbili pande zote mpaka zinashikana, kama vile sambusa inavyozibwa kwa unga uliokorogwa na maji. Huo ukingo ndio kila kitu, na nitaurudia tena na tena hapa, kwa sababu vibanio vyote nilivyojaribu vimefaulu au vimeharibika hapo.

Kwetu hakina jina moja. Nyumbani tunakiita kibanio. Waaustralia wanakiita chuma cha jaffle, yaani cha huo mkate uliobanwa, nao ndio waliokipenda kuliko watu wengine wote; Dkt. Ernest Smithers wa Bondi, mjini Sydney, alisajili haki ya chake mwaka 1949, na cha kwao ni cha duara kama changu. Marekani katika miaka ya 1940 kulikuwa na Toas-Tite, cha duara pia lakini cha aluminiamu, kilichotengenezwa Cincinnati. Wahindi wana chao cha pembe nne, na Mumbai mpaka leo wauzaji wa barabarani wanakipanga juu ya makaa kikiwa na viazi, nyanya, kitunguu na chatini ya dania, wakitoa kimoja na kuweka kingine. Nadhani ndicho kilichokuwa kwa jirani yetu. Halafu mwaka 1974 kampuni ya Breville ya Sydney ikatoa mashine ya stima yenye wazo lile lile la kubana pembeni, nayo ikikata mkate katikati, na hapo vya mkono vikaanza kuhamia kwa watu wanaolala kambini na kwa wauza mtumba. Ndivyo nasi tunavyovipata kwa bei ya nusu kilo ya nyama.

Changu hakina chapa yoyote. Ni chuma cha kusubu, na kwenye mizani ya muuza nyanya kilikaribia kilo moja. Upana wa ndani ni sentimita kumi na nusu, kwa hiyo slesi ya mkate wa kawaida wa gramu 400 inakaa ndani na pembe zake nne zinabaki nje. Pembe hizo zinakatika zenyewe unapofumba. Watoto wangu wanazigombania. Nazichoma pembeni mwa jiko zikauke, wanachovya kwenye chai.

Kazi ya kukitengeneza ilinichukua wiki mbili, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kosa langu. Kutu niliiondoa kwa mchanga mkavu na kipande cha gunia, kisha nikakilaza ndani ya siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa muda wa saa moja, nikakikausha papo hapo motoni. Hadi hapo sawa. Kisha nikakipaka mafuta ya nazi, maana ndiyo yaliyokuwa jikoni, na ndiyo aliyotumia bibi yangu kwa kila kitu kuanzia nywele hadi bawaba za mlango. Baada ya siku tano kutu ikarudi kwenye ukingo, nyekundu kabisa. Sababu yake nimekuja kuielewa baadaye: mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, hayageuki kuwa ngozi ngumu juu ya chuma hata ukiyachoma. Ya alizeti yanageuka. Nikaanza upya kwa alizeti: tone dogo, nikalisambaza kwa kitambaa, nikalifuta kana kwamba silitaki, nikakiweka juu ya makaa mpaka moshi ukakatika. Mara nne. Mara ya nne kilikuwa cheusi na laini kama kokwa la tende, na yai halikushika.

Na hapa Mombasa usikitundike karibu na dirisha linaloelekea baharini. Upepo una chumvi na unyevu, chuma kisichofunikwa hakimalizi siku tatu bila kutu. Changu nakifunga kwa kipande cha kanga kuukuu kilichopakwa mafuta.

Bawaba ndiyo iliyokuwa na tatizo kubwa. Ribiti ilikuwa imelika, kwa hiyo kisahani cha juu kilicheza na ukingo mmoja ulipita pembeni ya mwenzake. Fundi wa jua kali karibu na Mwembe Tayari aliing'oa, akatia msumari mnene wa chuma na kuugonga pande zote mbili. Alinifundisha jambo ambalo sasa nalifanya kila ninaposhika kibanio cha mtu: weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, fumba, vuta. Karatasi ikitoka bila kuhangaika, hapo mkate hautazibika. Zunguka ukingo mzima hivyo hivyo. Mara ya kwanza changu kilishika sehemu tatu kikaachia sehemu moja, karibu na bawaba, naye akapiga tupa kidogo mpaka kikashika kote. Mpini mmoja uliokuwa na ufa alinibadilishia kwa kipande cha mbambakofi, na huo haujapata hata alama.

Sasa mapishi, maana hapo ndipo raha ilipo.

Moto uwe makaa yaliyokwisha kuvaa jivu. Ndimi za moto zinaunguza mkate kabla ya ndani kupata joto. Kibanio kitangulie motoni kitupu, pande zote mbili, mpaka tone la maji likirukaruka. Siagi ipake upande wa nje wa mkate, usipake chuma. Mkate uwe wa siku hiyo hiyo. Boflo lililolala linavunjika kwenye ukingo badala ya kubanika. Ukifumba utasikia siagi ikilia, na mvuke mwembamba utatoka pembeni. Mvuke huo ukitoka sawasawa pande zote, jua umeziba vizuri. Ukitoka kwa nguvu sehemu moja kama birika, kuna tundu, na kilichomo kitafuata. Mimi nahesabu mia moja, nageuza, nahesabu mia nyingine, nafungua kidogo kuchungulia.

Cha kutia ndani, nimejaribu karibu kila kilichobaki kwenye sufuria. Nyama ya kusaga ya sambusa inafaa kuliko vyote kwa kuwa ni kavu na ina viungo vya kutosha. Jodari aliyechambuliwa na kupondwa na pilipili mbichi na ndimu ni wa pili kwangu, wa kwanza kwa mume wangu. Viazi vya jana vilivyopondwa na bizari, kitunguu na chatini ya ukwaju ni ladha ile ile ya ngazi za Kibokoni, na siku niliyovitia mara ya kwanza nilikaa nikala kimya. Mbaazi za nazi zilinishinda mwanzoni, rojo ilitoka yote ikazima makaa; sasa nazichemsha tena zikauke hadi kijiko kisimame ndipo nazitia. Yai linahitaji mkono: laza slesi ya chini, ikandamize katikati kwa mgongo wa kijiko kupata shimo, vunja yai humo, chumvi, pilipili manga, funika haraka, fumba bila kuinamisha. Ndizi mbivu iliyopondwa na sukari guru na iliki ni ya wageni. Ila waambie wangoje. Sukari iliyoyeyuka ndani ya mkate uliozibwa haipoi upesi, na kaka yangu aliungua ulimi mpaka kesho yake.

Kitu kilichonifanya nikipende kwa dhati kilitokea Ramadhani ya mwaka jana. Stima ilipotea usiku wa manane, na gesi ilikuwa imekwisha jana yake. Saa kumi kasoro, mtaa mzima giza, nimeamka kutayarisha daku kwa watu sita na sina kitu zaidi ya mkate, mayai na nyama kidogo ya futari. Nikawasha seredani kwenye baraza. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimetoa tisa, kimoja baada ya kingine, mama mkwe amekaa pembeni na tochi ya simu anapaka siagi, mwanangu mkubwa anahesabu mia kwa sauti. Mama mkwe, ambaye siku nilipokileta aliniuliza nimeleta vyuma vya nini nyumbani, alichukua kimoja, akakipasua katikati, akatazama yai lilivyokaa, akaniambia, "Mwanangu, hiki usimwazime mtu." Alikuwa anasema kweli.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliazima nikaharibu. Kabla sijakipata changu, shoga yangu alinipa cha kwao cha aluminiamu, cha jiko la gesi, chenye mipini ya plastiki nyeusi ngumu. Nikakiweka juu ya makaa na kupepea. Aluminiamu inapitisha joto upesi mno kuliko chuma cha kusubu, na juu ya gesi ndogo hiyo ni sifa: mkate unaiva mapema na sawasawa. Juu ya makaa ni balaa. Mpini mmoja ulipasuka na kutoa harufu mbaya, na upande mmoja wa mkate ulikuwa mkaa mtupu kabla sijafika hesabu ya hamsini. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yaliyopepewa vizuri hufika huko na kupita. Nilimlipia gharama ya mipini mipya na kumwomba radhi. Kwa hiyo, ukipika kwa gesi, tafuta cha aluminiamu, ni chepesi na hakiingii kutu. Ukipika kwa seredani, chuma.

Vipya vinavyouzwa mtandaoni nimejaribu kimoja, kwa bei mara tano ya changu. Picha ilikuwa nzuri. Kilichofika kilikuwa cha bati jembamba lililopakwa rangi nyeusi isiyoshika chakula, na nilipokipima kwa karatasi ilitoka pande zote nne. Muuzaji aliniambia ndivyo vilivyo vyote. Yai la kwanza lilimwagika lote motoni. Mashine ya stima tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa bora kuliko hicho, lakini nayo ngozi yake ya ndani ilianza kubanduka baada ya mwaka, tukawa tunaokota vipande vyeusi kwenye mkate wa watoto wa shule. Nikaitupa. Kibanio changu ngozi yake nimeitengeneza mwenyewe, ikichubuka naipaka tena jioni ile ile.

Lawama ninazo pia. Kinapika kimoja kimoja, na familia kubwa italazimika kula kwa zamu. Ni kizito, mama yangu mwenye maumivu ya viwiko hawezi kukigeuza. Mkia wa chuma unashika moto hadi karibu na mpini, na mtoto asiachiwe. Hakioshwi kwa sabuni na kuachwa kwenye beseni, kwa hiyo msaidizi wa kazi lazima aelezwe mapema. Na siku ya mvua, mwenye nyumba isiyo na baraza atafukiza moshi chumbani, kitu ambacho ni hatari na kisifanywe.

Sasa natafuta cha pili, cha pembe nne na cha chuma, nipate kuchoma viwili kwa pamoja na nisizikate pembe. Jumapili nimeona kimoja Kongowea, kwa muuzaji mwingine, kutu yake ya juu juu na mipini mizima. Ukingo ulishika pande tatu. Wa nne uliiachia karatasi, na bawaba yake imesubiwa pamoja na kisahani, fundi hana pa kugonga. Nikamrudishia.