FollowUpThen: miezi minne ya kufuatilia ankara kwa barua pepe

Nina ofisi ndogo ya uchapaji hapa Dodoma mjini: fulana, mabango, mihuri, kadi za harusi. Tangu wizara zihamie Mtumba, kwenye mji wa serikali, kazi zimeongezeka, na madeni nayo yameongezeka. Mteja wa ofisi halipi mkononi. Unatuma profoma (ankara ya makadirio), unasubiri LPO (hati yao ya kuagiza), unapeleka mzigo, unatuma ankara, kisha unaanza kusubiri upya. Nilikuwa naandika yote kwenye daftari, na daftari likijaa, deni linazikwa humo humo.

Kijana anayenitengenezea kompyuta ndiye aliyenionyesha FollowUpThen, huduma ya mtandaoni ya kukumbushwa kwa barua pepe. Hupakui programu yoyote. Unaandika barua pepe yako kama siku zote, halafu kwenye Bcc (nakala ya siri) unaweka anwani iliyobeba muda: 3days@followupthen.com, au nextmonday@followupthen.com. Siku ikifika, unaletewa kumbusho la barua ile, na mwenzako hajui kitu. Anwani hiyo ukiiweka kwenye To, unajikumbusha jambo lako mwenyewe. Ukiiweka kwenye Cc (nakala ya wazi), mnakumbushwa wote.

Kwenye Cc ndipo nilipoumbuka. Nilituma ankara kwa mama mmoja wa ugavi, mtu mzima wa heshima zake, na kidole kikateleza. Baada ya siku tatu akapigiwa kengele pamoja na mimi. Simu ikaita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, siku hizi unanitumia mashine inidai?”

Niliomba radhi hadi jasho likanitoka. Malipo yenyewe yaliingia wiki ile ile, lakini sijarudia. Kwa watu wazima mimi natumia Bcc tu, kumbusho likinifikia napiga simu mwenyewe, naanza na salamu. Cc nimewaachia mafundi wangu wawili. Wao hawana la kusema.

Jingine ni saa. Nilitaka kukumbushwa saa tatu asubuhi, nikaandika 3am. Simu ikalia saa tisa usiku, mume wangu akaamka akidhani kuna msiba. Saa tatu yetu kwao ni 9am, jamani. Na ukishajiunga, ingia kwenye mipangilio uweke saa za Afrika Mashariki.

Nimebaki kwenye kiwango cha bure, ambacho kina kikomo cha makumbusho kwa mwezi, na kwa ukubwa wa kazi yangu kinanitosha. Gmail nayo ina kitufe cha kuahirisha barua, ila hicho kinakukumbusha wewe tu, hakimgusi mwenzako.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba watu wetu wanaishi WhatsApp. Kaka yangu analima zabibu Hombolo, nikamwekea everymonday@followupthen.com kwenye Cc ili asisahau kupiga salfa, maana ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, haumsubiri mtu. Barua saba zilikuwa zimelala hazijafunguliwa nilipoishika simu yake. Na maneno ya muda lazima yawe ya Kiingereza, “kesho” haijui.

Nyota nne. Leo asubuhi limekuja kumbusho la mabango ya mwezi uliopita. Chini yake kuna viungo vya kusogeza mbele, nimebonyeza wiki moja tena. Hiyo ni mara ya tatu.