Kingamwili au Kuotesha: Njia Mbili za Kutambua Kuvu Wanaoozesha Mbao

Ubao ulioshambuliwa na kuvu wa uozo wa kahawia, kama vile Serpula lacrymans, hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake kabla uzito haujapungua hata kwa asilimia 10, na kwa macho huweza kuonekana mzima kabisa. Kuotesha kibanzi cha ubao huo juu ya agari, yaani jeli itokanayo na mwani inayotumiwa kukuzia vijidudu, ni njia ya zamani inayompa mchunguzi kuvu aliye hai, ila huchukua siku kadhaa hadi majuma, na mara nyingi ukungu wa kawaida, usioozesha chochote, hukua upesi na kumfunika yule anayetafutwa. Katika kipimo cha kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili zinazonasa vitu vigeni, unga wa ubao uliotolewa kwa keekee huloweshwa, kingamwili hunasa protini au sukari za kuvu, na rangi hujitokeza baada ya saa chache kuonyesha kuwa kuvu yupo. Hata hivyo, baadhi ya kingamwili hunasa pia kuvu wasio na madhara, tena hazitofautishi aliyekufa na aliye hai. Kwa ukaguzi wa mbao nyingi, ningeanza na kingamwili. Kwa mbao zilizokwisha kutiwa dawa, ambapo swali ni kama kuvu bado yu hai, ningechagua agari.