Koili za Ford Model T na magneto ya Bosch: sikilizeni huu mlio!

Karibuni tena jamani. Hiki mezani ni kisanduku cha mbao cha gari la zamani la Ford Model T, koili nne ndani za kugeuza umeme mdogo kuwa mkali wa kutoa cheche, kila silinda na yake. Injini yenyewe mnaijua, naruka.

Naunga betri ya volti 6... zzzzz! Mmeusikia? Ngoja nisogeze kamera. Kibati cha juu kinavutwa na sumaku, pointi (ncha mbili zinazopitisha umeme zikigusana) zinaachana, umeme unakatika, kinarudi, kinavutwa tena. Kila zikiachana, plagi inapiga cheche. Ni mvua ya cheche hiyo! Sasa nacheza na hii nati taratibu, macho kwenye mita... mlio unabadilika... hapo! Ampea 1.3. Mafundi wa Model T wanaitafuta hiyo kwenye koili zote nne, maana moja ikichelewa injini inatetemeka mwili mzima.

Hii ya pili, mnaona pointi zinavyowaka bluu? Kondensa, kile kifaa cha kuzuia pointi zisitoe cheche hivyo, imekufa. Niliuziwa mtandaoni eti imekarabatiwa, kumbe imepakwa vanishi tu. Imeniudhi sana. Mkinunua, ulizeni kondensa kabla ya kutoa hela.

Najua mtaandika, "Bosch je?" Haya. Magneto ni jenereta ndogo ya sumaku. Ile ya Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch, ya 1902, inazalisha umeme mkali yenyewe, haitaki betri, na ukiongeza mwendo cheche inapata nguvu. Kwenye mbio inashinda, sibishi. Lakini ilikuwa ghali, na Ford alitaka gari la mkulima. Akafunga sumaku 16 kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ziwe zinalisha koili injini ikizunguka. Gari la dola 850 mwaka 1908 likaja kushuka chini ya dola 300.

Ile ya Delco, mfumo mwingine wa cheche, iliyofungwa kwenye Cadillac ya 1910 nawawekea Jumamosi. Laivu imehamia Jumapili, bonyezeni kengele.

Nimerudisha kisanduku garini. Wenzo wa kushoto wa usukani uwe juu, cheche ichelewe. Ukisahau, hendeli ya kuzungushia injini ukiiwasha inaruka nyuma na kukuvunja mkono. Ila injini bado ina moto, na nilipoizima ilisimama pazuri: pistoni moja imepita juu kidogo, mafuta na hewa bado ndani vikingoja cheche. Hendeli siigusi. Nageuza swichi kwenye betri... zzz... imewaka! Magneto ya Bosch haitoi cheche mpaka uizungushe. Hii imewaka nimesimama tu!