Uzoefu wangu: kadi ya siriali ya 16550 kwenye 486 yenye modemu ya 56K

Hii nawaandikia nyie mnaofufua mashine za zamani, maana mwenzenu nilishalizwa. Mwaka 1999 hapa Dar nilikuwa na kompyuta ya 486 DX2 ya megahezi 66, ramu mega 8, Windows for Workgroups 3.11, na kimodemu (kile kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu) cha 14.4, yani biti 14400 kwa sekunde, kilichokuwa kinajikongoja ila kinafika. Nikajichanga miezi kadhaa nikanunua modemu ya nje ya 56K, ile yenye mstari wa taa mbele, nikajua sasa nimeula. Wapi bwana.

Modemu inapiga, inalia milio yake, inashika 31200, nashangilia, halafu ukianza kudaunlodi kitu taa zinawaka sekunde chache zinazimika, zinawaka tena zinazimika. Faili la mega moja ambalo kwa spidi ile lilitakiwa dakika tano hivi likawa linakula robo saa, yani kile kimodemu cha zamani kilikuwa kinamaliza mapema kuliko huyu mgeni! Na bili ya simu inahesabu tu. Nikalaumu laini, nikalaumu mvua, jamaa wa intaneti nikawapigia wakaniambia ninunue kompyuta mpya, asante sana.

Kuna fundi mmoja ndo akanifumbua macho. Akaniambia toka kwenye Windows kabisa, nenda DOS, andika MSD, ile programu ya kukagua mashine, angalia kwenye COM ports, yani poti za siriali, wamekuandikia chipu gani. Nikaona 8250. Akacheka.

Ishu ni hivi. Modemu ya nje haiongei na prosesa moja kwa moja, katikati kuna chipu ya siriali inaitwa UART, na zile za zamani, 8250 na 16450, zinashika baiti moja tu. Baiti ikifika chipu inamgongea mlango prosesa aje aichukue, asipowahi inayofuata inaikalia juu na ya kwanza ndo imepotea hivyo. Ukiiweka poti 57600, baiti zikija kwa mfululizo zinapishana kama maikrosekunde 174 tu, sasa Windows ikishikwa na diski hapo kidogo tu, kwisha. Na kilichoniuma zaidi, ile V.42 ya modemu inayosahihisha makosa haikusaidii kitu hapa, maana yenyewe inalinda njia ya simu, kati ya modemu mbili, wakati baiti zangu zilikuwa zinafia kwenye chipu, zikishavuka waya wa nusu mita nyuma ya meza. Kwahiyo TCP, ule utaratibu wa intaneti wa kuhakikisha data imefika, inakaa inasubiri, inaomba itumiwe upya, ndo zile taa kuzimika.

Dawa ni chipu ya 16550A. Hiyo ina kistoo cha baiti 16, kwa kawaida inasubiri zifike kama 14 ndo inagonga mlango mara moja, prosesa anazoa zote. Nikazunguka Kariakoo siku nzima nikapata kadi ya ISA (aina ya slot za zamani za kompyuta) yenye poti mbili za siriali na moja ya printa, bei yake haikufika hata robo ya modemu.

Kuifunga sasa, hapo nilitukana. Karatasi ya maelezo hamna, jampa, vile vipini vya kuchagua mipangilio ya kadi, zina maandishi madogo unahitaji tochi, na ile kadi ya zamani lazima umzimie COM2 yake la sivyo zote mbili zinagombania anwani moja, 2F8, na njia moja ya kumwita prosesa, IRQ 3. Mausi nikaiacha COM1. Poti ya printa ya kadi mpya nikaizima pia, iligongana na ya zamani na sikuwa na nguvu za vita vya pili. Kwenye SYSTEM.INI, faili la mipangilio ya Windows, chini ya [386Enh] nikaandika COM2FIFO=1 ili kile kistoo kitumike, kwenye Trumpet Winsock, programu ya kuunganisha intaneti, nikaweka 57600 na nikatiki ile ya hardware handshake, yani modemu na kompyuta kuambiana subiri kwa nyaya. Bado ikawa inakwama kidogo, kumbe kebo niliyokuwa natumia ya mtu fulani ilikuwa na nyaya tatu tu ndani, RTS na CTS, zile nyaya za kuambiana subiri, hazipo, modemu ikisema subiri hakuna anayesikia. Nikabadili kebo.

Baada ya hapo, jamani, mega moja dakika tano na sekunde zake. Taa inawaka moja kwa moja. 56 yenyewe sikuwahi kuiona, niliishia 33600, maana V.90, ile kanuni ya modemu za 56K, inataka upande wa pili wa simu uwe wa dijitali na mimi nilikuwa napigia modemu ya kawaida kama yangu, lakini hiyo siyo kosa la kadi.

Shemeji yangu yeye alichukua modemu ya ndani ya PCI (slot mpya kuliko ISA) ya bei chee, zile zinazotumia prosesa kufanya kazi ya modemu na zinataka dereva za Windows 95 kwenda juu. Kwenye 486 yake hata slot ya PCI haikuwepo.

Kadi naipa nne kati ya tano, moja nimekata kwa zile jampa. Na ukienda kununua usisome boksi, yangu waliandika hai spidi (high speed) na ya rafiki yangu pia hai spidi, yake ndani kukawa na 16450. Mwambie muuzaji aitoe, usome namba mgongoni mwa chipu, uone 16550 yenye herufi A au zaidi, ile ya kwanza kabisa isiyo na herufi kistoo chake kilikuwa kibovu. Ikiwa ni ile chipu ndefu ya miguu 40 imechomekwa kwenye soketi basi una bahati, unang'oa 16450 unachomeka 16550A palepale, miguu ni ileile, kadi huna haja ya kununua. Yangu ya zamani ilikuwa imechomelewa.