Tailscale (programu ya kuunganisha mashine zako kwa mtandao wa binafsi) kwa sisi wa kuzima na kuwasha seva: nimeikubali ila kuna mawili matatu

Kama una seva ya EC2 (seva za kukodi) pale AWS, yaani huduma za wingu za Amazon, na unaizima usiku ili bili isikuue, shida yake unaijua, asubuhi ukiiwasha inakuja na IP nyingine kabisa. Ukiirestati tu IP inabaki ile ile, ila ukishaistopisha ndo basi tena. Kwahiyo kila siku ni kufungua konsoli, kukopi IP mpya, kwenda kubadilisha kwenye konfigi ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali), na mnaofanya nao kazi wanakutumia meseji "kaka IP ya leo ipi?"

Wengi watakwambia chukua Elastic IP, yaani IP ya kudumu ya AWS. Sawa, zamani ilikuwa bure ilimradi umeifunga kwenye seva inayowaka, lakini tangu 1 Februari 2024 AWS wanachaji kila IPv4 ya nje dola 0.005 kwa saa, kwa mwezi kama dola 3.6 hivi, na hiyo Elastic inakula hata seva ikiwa imezimwa!! Sasa unazima seva uokoe hela halafu unalipia namba iliyokaa tu. DuckDNS, inayokupa jina linalofuata IP yako ikibadilika, nayo ni bure na inafanya kazi, ila port 22 (mlango wa SSH) bado inabaki wazi dunia nzima mabot yanagonga usiku kucha. Ukisema uruhusu IP yako tu kwenye fayawoli, kwa sisi wa bando la simu IP yetu wenyewe nayo haitulii.

Ndo hapo Tailscale inapokuwa tamu. Unaiinstoli kwenye seva na kwenye laptopu, unaingia kwa akaunti ya Google au GitHub, imeisha. Kila mashine inapewa IP yake inayoanza na 100 na hiyo haibadiliki hata ile ya nje ikibadilika mara kumi, chini yake ni WireGuard (teknolojia ya VPN) inayofanya kazi, na mashine zinatafutana zenyewe hata kama uko nyuma ya NAT ya mtandao wa simu, yaani watu wengi mnatumia IP moja ya nje. Ukiwa na MagicDNS, yaani kipengele chao cha kuzipa mashine majina, hata hizo namba unazisahau, unaandika ssh ubuntu@seva-kazi umeingia. Port 22 unaifunga kwa nje (jaribu kwanza kuingia kwa njia mpya ndo ufunge, tafadhali). IP ya kawaida ya nje bado utailipia seva ikiwa inawaka, hapo usidanganywe.

Sasa mapungufu. Ufunguo wa kila mashine kwa kawaida unaisha baada ya siku 180, kwa laptopu sawa, kwa seva ni balaa maana siku hiyo unafungiwa nje, kwahiyo nenda kwenye paneli yao uzime hiyo kitu mapema. Halafu mashine zikishindwa kuunganika moja kwa moja trafiki inapitia seva zao za kati zinazoitwa DERP, hawawezi kuisoma ila spidi inashuka, angalia kwa tailscale status kama imeandika direct au relay. Na kama hutaki uratibu wote ukae kwao kuna Headscale, mbadala huria wa seva yao ya uratibu, unahosti mwenyewe, ila hiyo nayo inataka seva yenye adresi ya kudumu hahaha.

Kwa matumizi binafsi plani ya bure inatosha kabisa. Ila kama kila kitu chako kiko AWS tu na ni terminali pekee unayotaka, jaribu kwanza Session Manager ya AWS, inaingia kwa ID ya seva na IP haiulizwi.