Huduma ya fundi wa vizimia moto katika karakana ya useremala, Tabora

Karakana yetu hapa Tabora, ambako vumbi la mninga, gundi na vanishi hukaa chini ya paa moja, ilimwita fundi wa vizimia moto, na kazi yake kwa jumla imeturidhisha. Alisoma geji, yaani kipimo cha mgandamizo, ya kila mtungi ulio nayo, akaukataa mmoja ambao mshale wake ulikuwa umeshuka chini ya eneo la kijani, kisha akaeleza kwa nini mtungi wa kaboni dayoksaidi, usio na geji, hupimwa kwa mizani. Mafunzo ndiyo yaliyokuwa na thamani kubwa zaidi: kila seremala alichomoa pini, akaelekeza mpira kwenye shina la moto badala ya ndimi zake, akabana mkono wa mtungi na kupuliza huku na huku, naye fundi akasisitiza kwamba maji hayamwagwi juu ya vanishi inayowaka wala kwenye umeme. Bei, kusema kweli, ni kubwa kwa karakana ndogo. Kasoro nyingine ni kwamba hakugusia mlango wa nyuma uliozibwa na mbao, wala hakubandika ukutani namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.